Fidia ya Askari wa Zamani: Maumivu Yasiyoonekana

Askari aliyekatika mguu vitani hana haja ya kumshawishi mtu yeyote kwamba amelemaa. Akiingia mlangoni pa ofisi karani humwona, na mjadala huwa umekwisha kabla haujaanza. Litakalobaki ni kuhesabu malipo. Lakini askari aliyeumia uti wa mgongo, ambaye kila asubuhi hushuka kitandani kwa kushikilia ukuta, na ambaye mguu wake mmoja huwaka moto usiku na kufa ganzi mchana, huingia katika ofisi ile ile akiwa amesimama kwa miguu yake miwili, hana jeraha wala bendeji. Huyo ndiye anayeulizwa maswali. Na huyo ndiye tunayekusudia kumzungumza leo, kwa kuitazama nchi ambayo imeandika sheria nyingi mno juu yake, nayo ni Marekani.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona safu hii ikijishughulisha na askari wa taifa kubwa kama lile. Hatuna haja ya kurudia hapa maoni yetu juu ya vita vya Vietnam wala vya Iraq, hayo yanajulikana. Lakini vita huamuliwa na wakubwa, na mizigo hubebwa na vijana wa watu wa kawaida. Kijana wa miguu wa Marekani huko Afghanistan alibeba silaha, risasi, maji, betri na fulana ya kuzuia risasi, na katika mwendo mrefu mzigo wake ulipita kilo 40. Kila mtu wa visiwani aliyewahi kukaa na hamali wa bandarini, akamwona anavyoinuka kutoka kwenye mkeka baada ya miaka 20 ya magunia, anajua kilo 40 hufanya nini katika kiuno cha binadamu. Uti wa mgongo hauna itikadi.

Na kweli, katika hesabu ambazo Wizara ya Askari wa Zamani ya Marekani huzitoa kila mwaka, mkazo wa mgongo na udhaifu wa ule mshipa mkuu wa fahamu unaotoka kiunoni, ukapita takoni na kushuka mguuni, yamo miongoni mwa magonjwa yanayolipiwa fidia mara nyingi zaidi, pamoja na mvumo wa masikio na maumivu ya magoti. Wanaopokea fidia ya ulemavu kwa jumla wamepita milioni tano. Kwa hiyo hatuzungumzii kundi dogo la walalamishi. Tunazungumzia umma mzima.

Sheria yao inamtaka mdai athibitishe mambo matatu. Kwanza, kwamba anao ulemavu hivi sasa. Pili, kwamba lilimpata jambo alipokuwa jeshini, ama ajali, ama ugonjwa, ama kazi ya kumchosha mwili. Tatu, kwamba hilo la leo limetokana na lile la zamani. Akiyathibitisha yote, hupangiwa kiwango kwa asilimia, kuanzia sifuri hadi mia, kwa hatua ya kumi kumi. Mwaka 2025 askari asiye na mke wala mtoto mwenye asilimia 10 alilipwa kiasi cha dola 175 kwa mwezi. Mwenye asilimia 20, dola 347. Mwenye asilimia 40, dola 774. Na mwenye asilimia 100, zaidi ya dola 3,800. Inafaa ionekane kwamba ngazi hizi hazipandi kwa usawa. Ndiyo maana watu hukata rufaa si kwa kukataliwa tu, bali pia kwa kukubaliwa nusu nusu.

Sasa kiwango cha mgongo hupatikanaje? Hapa ndipo penye ajabu. Kwa kanuni iliyoanza kutumika Septemba 2003, kipimo kikubwa ni nyuzi, yaani digrii, ambazo mtu anaweza kuinama kuelekea mbele. Mgongo mzima wa kiunoni huinama nyuzi 90. Anayeishia kati ya 60 na 85 hupewa asilimia 10. Anayeishia kati ya 30 na 60 hupewa 20. Asiyepita 30 hupewa 40. Baada ya hapo, ili apate 50, sharti sehemu yote ya chini ya uti wa mgongo iwe imegandamana katika hali mbaya, haiendi mbele wala nyuma. Na ili apate 100 kwa mgongo peke yake, sharti uti wote ugandamane hivyo, toka shingoni hadi kiunoni. Mpimaji huchukua kifaa cha kupimia pembe, humwambia mtu ainame, na husoma namba. Namba ikiwa 61, ni dola 175. Ikiwa 60, ni dola 347. Digrii moja tu, ambayo mkono wa mpimaji ukitetemeka inaweza kuangukia upande wowote, ndiyo inayogawa nyumba yenye nafuu na nyumba yenye dhiki.

Wala maumivu ya mgongo hayakai mahali pamoja kama ufa wa ukutani. Mtu anaweza kuinama vyema saa nne asubuhi katika chumba cha daktari, baada ya kumeza vidonge na kupumzika garini, na jioni ya siku hiyo hiyo ashindwe kuokota kiatu. Mahakama zao ziliona jambo hili. Mwaka 1995 iliamuliwa kwamba mpimaji lazima aeleze ni kiasi gani maumivu, uchovu na udhaifu vinapunguza uwezo wa kiungo pale hali inapochacha, si kueleza alichokiona siku ya kipimo tu. Mwaka 2016 ikaamuliwa kwamba kiungo kipimwe kikiwa kimebeba uzito na kikiwa hakikubeba, mtu akijiinamisha mwenyewe na akiinamishwa. Mwaka 2017 ikaamuliwa tena kwamba mpimaji haruhusiwi kukwepa kwa kusema hawezi kukadiria hali ya siku mbaya kwa kuwa hakuwapo siku hiyo. Amuulize mdai mwenyewe, asome maandishi, kisha akadirie. Msomaji atambue kwamba kila uamuzi wa namna hii ulipatikana baada ya askari mmoja mgonjwa kusukumana na serikali yake kwa miaka kadhaa.

Kubwa kuliko yote hayo lilikuja Aprili 2018. Kwa muda wa karibu miaka 20 kabla ya hapo, ofisi zilishikilia kwamba maumivu peke yake, bila ugonjwa wenye jina, si ulemavu. Askari mwanamke aliyekuwa akiumwa magoti yote mawili alikataliwa kwa hoja hiyo: daktari hakupata ugonjwa, amepata maumivu tu. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema la. Maumivu yanayomzuia mtu kufanya kazi yake ni ulemavu kwa maana ya sheria, hata kama tabibu hana jina la kuyapa. Kesi ilikuwa ya magoti, lakini faida yake ilienea hadi migongoni. Sisi tunaona kwamba uamuzi huo ulichelewa mno. Mwanadamu alilia kwa maumivu zamani sana kabla hajayapa majina ya kitabibu.

Kwa upande wa mishipa ya fahamu mambo yanageuka. Mgongo hupimwa kwa namba kali kupita kiasi. Mshipa hupimwa kwa maneno malegevu kupita kiasi. Udhaifu wa ule mshipa mkuu wa mguuni ukiwa mdogo ni asilimia 10, ukiwa wa wastani 20, ukizidi wastani 40, ukiwa mkali na misuli imenyauka waziwazi 60, na mguu ukifa kabisa 80. Nini maana ya mdogo? Nini maana ya wastani? Kanuni haisemi. Inaachiwa busara ya mwamuzi, na busara za waamuzi hazilingani. Kisha pana sharti jingine: ikiwa kilichoharibika ni hisia tu, yaani moto, sindano na ganzi bila misuli kulegea, kiwango kisipite cha mdogo, au mwisho kabisa cha wastani. Kwa hiyo mtu ambaye halali usiku mwaka mzima kwa mguu kuwaka moto anaweza kulipwa chini ya yule ambaye mguu wake umenyauka bila kumuuma sana. Kinachoonekana kimeshinda tena kisichoonekana.

Upo mlango mwingine kwa wale ambao kisahani cha baina ya pingili kimetoka mahali pake na kubana mshipa. Hao wanaweza kuhesabiwa kwa majuma waliyolala kitandani kwa mwaka: majuma sita au zaidi huleta asilimia 60. Lakini kulala huko hakuhesabiwi ila kuwe kumeamriwa na daktari. Mfanyakazi aliyejilaza mwenyewe kwa sababu hakuweza kusimama, akapoteza ujira wake, akahudumiwa na mkewe, hakulala mbele ya sheria. Tunamwachia msomaji ajiulize ni makabwela wangapi duniani ambao huandikiwa na daktari karatasi ya kulala.

Hata hivyo, vikwazo hivyo vyote vya vipimo ni vidogo vikilinganishwa na lile jambo la tatu, la kuunganisha maumivu ya leo na ajali ya jana. Hapo ndipo madai mengi ya mgongo yanapozama. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa miaka 22 yuko Iraq mwaka 2004. Anaruka kutoka nyuma ya lori akiwa na mzigo mgongoni, anaangukia makalio, anasikia kitu kimekatika kiunoni. Mganga wa kikosi anampa vidonge vya maumivu na kumwambia arudi kazini, wala haandiki kitu, au anaandika mstari mmoja katika karatasi inayopotea. Kijana hasemi zaidi, kwa kuwa jeshini anayelalamikia kiuno huitwa mvivu, na wenzake ndio watakaobeba mzigo wake. Siku ya kuondoka jeshini anaulizwa kama ana tatizo lolote la afya. Anataka kwenda kwao. Anajibu hana. Kisha hufanya kazi ya ujenzi, huvumilia, hununua dawa dukani, hadi anapofika miaka 40 na mguu unaanza kufa ganzi. Ndipo anapodai.

Mwamuzi anafungua faili lake. Anakuta neno "hana" lililoandikwa kwa mkono wa kijana mwenyewe. Anakuta miaka 18 isiyo na karatasi ya hospitali. Anakuta kazi ya ujenzi, ambayo nayo huumiza migongo. Daktari aliyeajiriwa na kampuni ya upimaji, maana upimaji mwingi siku hizi umekabidhiwa kampuni za watu binafsi, anaandika kwamba haielekei ugonjwa huu umetokana na jeshi, kwa kuwa hakuna maandishi ya matibabu. Dai limekwisha. Wala mwamuzi huyo si lazima awe mtu mbaya. Amesoma kilichomo katika faili, na tatizo ni kile kisichokuwamo.

Inafaa tuwe waadilifu. Sheria ya Marekani juu ya ushahidi wa askari ni ya upole, na kwa maandishi inazidi upole wa mahakama nyingi. Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa kwamba mdai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na anayekana huapa. Katika kesi nyingi za madai za nchi mbalimbali mizani ikilingana, mdai hushindwa. Kwa askari wa zamani wa Marekani mizani ikilingana, mdai hushinda. Shaka ikibaki, imwendee yeye. Ili ashindwe, sharti ushahidi wa kumpinga uelemee kweli kweli. Zaidi ya hayo, aliyekuwa katika mapigano husadikiwa kwa maneno yake juu ya namna alivyoumia, maadamu yanalingana na hali ya vita. Tena mwaka 2006 mahakama ilikataza kuyatupa maelezo ya askari kwa sababu tu hakuna karatasi ya daktari ya wakati ule. Mke anaweza kuandika kwamba mumewe aliondoka mzima akarudi amepinda. Mwenzake wa kikosi anaweza kuandika kwamba alimwona akianguka.

Mbona basi yule kijana wetu ameshindwa? Kwa sababu sheria ya upole imekabidhiwa kwa mashine yenye haraka. Hapo umangimeza hauvai uso wa ukatili. Unavaa uso wa fomu iliyojazwa. Mpimaji anatakiwa aeleze sababu zake, naye anaandika sentensi mbili. Mwamuzi anatakiwa apime maelezo ya mke, naye hayataji. Na mdai hupokea barua ndefu yenye vifungu, ambayo mtu mwenye maumivu na elimu ya kawaida huisoma mara tatu asijue ameshindwa kwa lipi kati ya yale mambo matatu. Wengi huishia hapo, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa kuwa asiyekata rufaa hahesabiwi popote.

Anayekata rufaa naye huanza safari. Safari hiyo ilikuwa mbaya zaidi zamani. Baraza la Rufaa za Askari wa Zamani liliundwa mwaka 1933, na kwa zaidi ya nusu karne uamuzi wake ulikuwa wa mwisho. Hapakuwa na mahakama ya kuuhoji. Tena tangu zama za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ujira wa wakili katika madai haya uliwekewa kikomo cha dola 10, na kikomo hicho kilidumu hadi mwaka 1988. Walisema kinawalinda askari na mawakili walafi. Kiliwalinda hata wakakosa wakili kabisa. Sheria ya mwaka 1988 ndiyo iliyofungua mlango wa mahakama na kuruhusu mawakili walipwe, ingawa hadi leo wengi husaidiwa bila malipo na vyama vya askari wenyewe, kikiwamo chama cha askari walemavu kilichoanzishwa mwaka 1920.

Kwa utaratibu uliofuata, rufaa zilirundikana. Wizara yenyewe ilikiri kwamba rufaa ilichukua miaka mitatu hadi saba. Miaka saba kwa mtu wa umri wa 70 si muda wa kungoja barua. Ni sehemu kubwa ya uhai uliobaki. Wengi walifariki faili likiwa mezani. Mpaka mwaka 2008, rufaa ilikufa pamoja na mwenye nayo, na mjane akalazimika kuanza dai lake mwenyewe tokea mwanzo. Ndipo sheria ikabadilishwa akaruhusiwa kusimama mahali pa marehemu, mradi aombe ndani ya mwaka mmoja.

Mwaka 2017 Bunge lao lilipitisha sheria mpya ya rufaa, ikaanza kutumika tarehe 19 Februari 2019. Sasa aliyekataliwa ana njia tatu na mwaka mmoja wa kuchagua. Aweza kuleta ushahidi mpya. Aweza kuomba ofisa wa cheo cha juu alipitie faili lile lile bila kuongeza kitu. Au aweza kwenda moja kwa moja mbele ya Baraza. Akishindwa njia moja aweza kushika nyingine ndani ya mwaka, na tarehe yake ya kwanza ya kudai hulindwa, jambo ambalo lina uzito kwa kuwa malimbikizo huhesabiwa kutoka tarehe hiyo. Walilenga siku 125 kwa njia mbili za mwanzo, na siku 365 kwa anayelifikia Baraza bila kuomba kusikilizwa wala kuongeza ushahidi. Baraza lenyewe limeongeza kasi: katika mwaka wa fedha 2023 lilitoa maamuzi zaidi ya 100,000.

Kasi hiyo tunaisifu, lakini tusidanganyike nayo. Sehemu kubwa ya maamuzi hayo si ndiyo wala si hapana. Ni kurudisha. Baraza hukuta kwamba mpimaji hakueleza siku mbaya za mgongo, au hakujali maelezo ya mdai, basi hulirudisha faili chini ili mtu apimwe tena. Anapimwa tena na mpimaji mwingine, ambaye anakosea mahali pengine. Linarudi. Katika takwimu hilo limehesabiwa kuwa limeamuliwa. Nyumbani kwa askari hakuna kilichobadilika ila umri. Dawa yake haiko katika Baraza. Iko katika kile chumba cha kwanza cha upimaji, kwa mtu aliyelipwa kumsikiliza mgonjwa na akamaliza kazi yake kwa dakika chache.

Tunajua wapo wanaosema kwamba mgongo ndio maficho ya waongo. Hoja hii inasikika sana huko Marekani na haikuanza leo: kwamba maumivu hayapimiki, kwa hiyo kila mtu atadai anaumwa, na hazina itakauka. Waongo wapo, baadhi wamefikishwa mahakamani na kufungwa, nasi hatuwatetei. Wapo pia mawakala wasio na kibali ambao huwatoza askari fedha nyingi kwa kuwafundisha namna ya kujaza fomu, na hao ni kupe wa kawaida. Lakini anayeitumia hoja hii aifuate hadi mwisho wake. Ikiwa mia moja wamedai, na miongoni mwao wako waongo wachache, kuwakataa wote ni kuwaadhibu wa kweli kwa kosa lisilo lao. Na mwongo aghalabu ndiye mwenye karatasi zilizonyooka. Aliyeumia kweli na akanyamaza miaka 18 ndiye mwenye faili lenye mapengo.

Wala mapengo hayo hayawapati wote sawasawa. Julai 2023 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba kati ya mwaka 2010 na 2020 askari wa zamani weusi walikubaliwa madai yao kwa kiwango cha chini kuliko weupe. Kuonyesha tofauti si sawa na kuonyesha sababu, na tusiseme zaidi ya tunachokijua. Ila mahali ambapo kipimo ni neno kama "mdogo" au "wastani", na ambapo mwamuzi huchagua nani wa kumsadiki, mlango wa upendeleo uko wazi hata kama hakuna aliyeufungua kwa makusudi.

Tunayaeleza haya kwa watendaji wetu kwa sababu nasi tunao askari. Vijana waliovuka kwenda Uganda katika vita vya 1978 na 1979 sasa wamepita umri wa miaka 60, umri ambao mgongo hudai deni lake. Wadogo wao wamekwenda kulinda amani Kongo, na tarehe 7 Desemba 2017 huko Semuliki zaidi ya kumi kati yao waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Anayejeruhiwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa hulipwa fidia kwa kupitia serikali yake, na serikali haiwezi kudai bila maandishi. Hatusemi tuige kanuni za Marekani za nyuzi na asilimia. Tumekwisha kueleza dosari zake. Tunasema kwamba mganga wa kikosi anayeandika katika daftari kwamba fulani ameanguka leo na analalamikia kiuno, akatia tarehe na sahihi, kisha akampa askari nakala, amefanya kwa kalamu yake jambo ambalo baraza lolote la rufaa litashindwa kulifanya miaka 30 baadaye. Nao wazazi na wake zao walioko Unguja na Pemba, kikaratasi hicho kikirudi na mfuko wa nguo, wasikitupe pamoja na taka.

Anayedhani tunakuza jambo dogo na atazame kilichotokea tarehe 12 Julai 1973, pale moto ulipozuka katika ghorofa ya sita, iliyo ya juu kabisa, ya jengo la kumbukumbu za jeshi karibu na mji wa St. Louis. Ziliteketea faili kati ya milioni 16 na milioni 18. Katika faili za jeshi la nchi kavu za walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, asilimia 80 zilipotea. Hapakuwa na nakala. Kwa namna hiyo askari wa vita vikuu viwili na vya Korea walijikuta wakiambiwa walete uthibitisho ambao serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiutunza. Mahakama ziliitaka Wizara iongeze bidii ya kuwasaidia watu hao, itafute popote penye alama: hati za mshahara wa mwisho, orodha za hospitali, taarifa za asubuhi za kikosi ambamo karani aliandika nani yuko kazini na nani yuko kwa mganga.

Faili zipatazo milioni sita na nusu ziliokolewa zikiwa zimeungua pembeni, zimelowa maji ya zimamoto, na baadaye zikaota ukungu. Zimehifadhiwa hadi leo. Mzee wa Korea anapodai fidia ya mgongo, au mjane wake anapodai kwa niaba yake, mfanyakazi wa kumbukumbu huvaa glavu, huzifunua karatasi hizo nyeusi moja baada ya moja, na hutafuta mstari mmoja ulioandikwa zaidi ya miaka 70 iliyopita, unaosema kwamba siku fulani askari huyo alikwenda kwa mganga kwa maumivu ya kiuno.